Mkataba wa Miaka Mitatu, na Kusi Je?

Juzi kijana mmoja wa Watamu aliniandikia: "Dada, hoteli imenipa mkataba wa miaka mitatu. Nisaini?" Nikamuuliza jambo moja tu: mkataba unasemaje kuhusu Mei na Juni? Hakujua.

Mimi huuzia hoteli samaki hapa Malindi, na wiki iliyopita nimesaini miaka mitatu mingine. Nina furaha, maana najua nilikotoka. Hoteli yangu ya kwanza iliniahidi kwa mdomo kwamba itachukua nguru na changu wangu mwaka mzima. Kaskazi yote, msimu wa upepo wa kaskazini, nikawapelekea. Barafu yangu, pikipiki yangu, manahodha nikiwalipa taslimu kabla mimi sijalipwa. Masika yakaingia, wageni wakarudi kwao Italia, hoteli ikafunga, na meneja hakupokea tena simu. Deni lile halijalipwa hadi leo, na huniuma kila nipitapo getini pale.

Huu wa sasa tuliubishania sana. Wao walitaka bei moja ya kilo mwaka mzima, tena faini nikikosa kuleta mzigo. Nikakataa. Kusi, upepo wa kusini, ikianza kuvuma mwezi wa Aprili, bahari huchafuka, mashua ndogo hazithubutu kutoka nje ya mwamba, samaki wakawa adimu na bei ikapanda. Basi tukaandika bei mbili, ya kaskazi na ya kusi; kilo zipungue wakati wa kusi; faini isiwepo bahari ikichafuka; na malipo yatoke ndani ya siku 14 hata hoteli ikiwa imefungwa. Meneja alinuna, kisha akasaini kila ukurasa.

Nawe wa kuajiriwa, miaka mitatu itakufaa nini ikiwa kila hoteli inapofungwa unarudishwa nyumbani bila mshahara? Tafuta palipoandikwa likizo bila malipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 9, inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni juu ya mwajiri. Ndugu zangu wa Pwani, tuache kuona haya kuuliza. Anayekuharakisha usaini hapo hapo mezani hakutakii mema.

Mdogo wangu, omba nakala, nenda nayo nyumbani, mwonyeshe wakili au mtu mzima aliyefanya kazi hotelini. Ukiona miezi ya kusi haikutajwa, rudi uwaambie waiandike kabla hujashika kalamu.