Mwaka upi, na jina la nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekabidhiwa kutunza programu huria iliyotolewa mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, na tangu 2019 nimeandika upya karibu nusu ya mafaili yake. Je, nifute jina la mwandishi wa kwanza juu ya kila faili na kuweka langu? Je, kila Januari nibadilishe mwaka? Na alama (C) inatosha badala ya ©?

JIBU: Jina hilo usiliguse. Leseni ya MIT ina sharti moja tu la maana, nalo ni kwamba tamko la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki katika kila nakala ya programu au sehemu yake kubwa. Ukilifuta jina la mwenzako, umevunja sharti pekee uliloombwa kulitimiza. Wewe ongeza mstari wako chini ya wake, hivi:

Copyright 2014 (jina lake)
Copyright 2019 (jina lako)

Mstari wa pili uuweke tu katika mafaili uliyoyaandika kwa kiasi cha haja, kwa kuwa kusahihisha herufi mbili hakumpi mtu hakimiliki.

Kuhusu mwaka, watunzaji wengi hupita kila Januari na programu ndogo (script) inayobadilisha tarakimu za mwaka katika mafaili yote, hata yale ambayo hayajaguswa kwa miaka mitano. Kwa maoni yangu huko ni kuandika jambo lisilo kweli, kwani mwaka unaotajwa ni ule ambao kazi, au nyongeza yake ya maana, ilitolewa kwa mara ya kwanza. Mradi wa GNU, mmoja wa miradi mikongwe ya programu huria, huruhusu kuandika 2014-2019 kwa mkato pale tu ambapo kila mwaka uliomo katikati ungestahili kutajwa peke yake, na matumizi hayo yawe yameelezwa katika nyaraka za programu.

Kuhusu alama, sheria ya Marekani inataja ©, neno Copyright, au kifupisho Copr., wala haiitaji C iliyofungiwa katika mabano. Ukishaandika neno lenyewe, (C) inayofuata ni pambo. Hata hivyo usikose usingizi, kwa sababu Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hautaki tamko lolote ili hakimiliki iwepo, na Marekani yenyewe iliacha kulishurutisha kwa kazi zilizotolewa tangu tarehe 1 Machi 1989. Faida iliyobaki ni kwamba anayenakili hawezi kudai kirahisi kwamba hakujua, na anayetaka ruhusa ya ziada anajua amwendee nani.

Ukikuta pia maneno "Haki zote zimehifadhiwa", ambayo asili yake ni Mkataba wa Buenos Aires wa 1910 kuhusu hakimiliki katika nchi za Amerika, katika mistari yako mwenyewe usiyaandike, maana yanamchanganya msomaji anayeona chini yake leseni inayomruhusu karibu kila kitu. Yakiwa katika mstari wa mwenzako, yaache yalivyo.