Nimeacha wanga kabisa, sasa napata kizunguzungu

SWALI: Daktari, nina miaka 46 na nina kisukari cha aina ya pili, ambacho ninakitibu kwa metformini na glibenklamidi. Wiki tatu zilizopita niliacha vyakula vyote vya wanga nikabaki na nyama, mayai na mafuta. Nimepungua kilo 4, lakini kichwa kinaniuma, napata kizunguzungu nikisimama, choo kimekuwa kigumu, na mume wangu anasema pumzi yangu inanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Juzi alfajiri niliamka natetemeka, shuka limelowa jasho. Je, niendelee? Mdogo wangu, anayenyonyesha mtoto wa miezi miwili, naye anataka kuanza.

JIBU: Dada yangu, naanza na hiyo alfajiri, kwa sababu ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako. Kutetemeka na kutokwa jasho namna hiyo ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamidi huchochea kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata pale ambapo hukula wanga wowote, kwa hiyo kipimo cha dawa kilichokufaa mwezi uliopita chaweza kuwa kikubwa mno kwako sasa. Nakusihi usisubiri tarehe yako ya kliniki: wasiliana na daktari wako leo, umweleze unachokula, ili aamue kuipunguza dawa au kuibadilisha. Kabla hujamwona, rudisha kiasi cha wanga katika kila mlo na upime sukari mara kwa mara. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, yaani kama miligramu 70 kwa desilita, kunywa kinywaji chenye gramu 15 za sukari, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Kuhusu kilo 4, sipendi kukuvunja moyo, lakini sehemu kubwa yake huenda ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, takriban gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia kama gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka nayo. Insulini nayo ikipungua, figo hutoa chumvi nyingi kwenye mkojo. Hapo ndipo mara nyingi hutoka maumivu ya kichwa na kizunguzungu cha kusimama, na anayetumia dawa za shinikizo la damu huweza hata kuanguka. Choo kigumu ni upungufu wa nyuzinyuzi, ambazo mtu mzima huhitaji angalau gramu 25 kwa siku.

Mumeo hakukosea. Wanga ukikosekana, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni ili ubongo upate nishati, na mojawapo ya ketoni hizo ni asetoni, kimiminika kilekile kinachoyeyusha rangi ya kucha. Harufu peke yake si hatari. Ikiambatana na kutapika, maumivu ya tumbo au kupumua kwa kasi, damu inaweza kuwa imejaa asidi, na hiyo ni dharura. Wanaotumia dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini, wamo hatarini zaidi, kwa kuwa hali hiyo huweza kuwapata huku kipimo cha sukari kikionekana karibu na kawaida; mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hilo mwaka 2015.

Mlo huu haukuzuka jana. Tangu mwaka 1921 umetumika kutibu kifafa, hasa kwa watoto, chini ya uangalizi wa karibu, na hata hivyo baadhi yao hupata mawe kwenye figo. Kwa watu wengine lehemu mbaya (kolesteroli) hupanda sana, kwa hiyo uombe pia kipimo hicho. Kupunguza wanga kwa kiasi kunaweza kukusaidia kudhibiti sukari, nami sikukatazi; ninachokataa ni kuukata wote ghafla huku dawa zikibaki zilezile.

Mdogo wako asianze kabisa. Kutengeneza maziwa hutumia sukari nyingi ya mwili, na wapo wanyonyeshaji wasio na kisukari waliolazwa kwa asidi ya ketoni baada ya kuacha wanga. Kama ameshaanza, ale wanga leo, na akianza kutapika au kupumua kwa kasi apelekwe hospitali mara moja.