Benidorm mwezi wa kumi, si Agosti

Mwanangu Salma,

Wa alaikum salaam. Ujumbe wako umefika, na mama yako ameshaanza kuulizia mizigo. Umeuliza kama twende sote Benidorm, ule mji wa pwani ya Uhispania, mwezi wa Agosti, nyinyi na watoto, sisi wawili, na bibi yako aje kutoka Mombasa. Tena kama uchukue ile hoteli yenye mabwawa, unayolipa mara moja na chakula kimo. Benidorm naafiki. Agosti na ile hoteli, hapana.

Anza na bibi, maana yeye ndiye atakayepanga tarehe zetu. Viza ya Uingereza, hata akiipata, haimwingizi Uhispania. Anahitaji ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na aiombee Nairobi kwa kuwa Kenya ndiko anakoishi. Ada ni yuro 90 na hairudi hata wakimkataa. Bima ya safari iwe ya matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida hutoka kwa siku 15, lakini wana ruhusa ya kulivuta mpaka siku 45. Kwa hiyo usikate tiketi yake kwanza. Pa kulala weka pale panapokubali kughairi bila kutozwa, kwa sababu kwenye maombi wataulizia mtalala wapi. Nyinyi wenye pasipoti za Uingereza mambo ni mepesi: siku mnayoingia isiwe imetimiza miaka 10 tangu itolewe, na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka.

Sasa kwa nini Oktoba, likizo ya watoto ya katikati ya muhula. Joto halimtishi bibi yako, mtu wa Mombasa yule. Kinachomchosha ni msongamano: Agosti Wahispania wenyewe wako likizo, Waingereza wako likizo, na kwenye mchanga wa Levante, ufuo mmoja wa mji ule, utatafuta pa kutandika kanga usipaone. Halafu kuna saa. Benidorm iko karibu mstari mmoja na Greenwich, ila saa yao iko mbele ya London kwa saa moja. Agosti adhuhuri huingia karibu saa nane mchana, magharibi karibu saa tatu usiku, na isha ndiyo usiseme. Bibi hatalala kabla ya kuswali, na watoto hawatalala kabla ya bibi. Mwisho wa Oktoba jua linatua mapema, bei zimeshuka, na bahari bado ina nyuzi kama 21 au 22. Bibi ataiita barafu, lakini ni lini umemwona akiogelea? Mvua ndiyo hatari yenyewe. Vuli pwani ile hupata mvua za ghafla. Oktoba 2024 mafuriko ya Valencia yaliua watu zaidi ya 200. Simu zenu ziwe zinapokea tahadhari, na siku ya onyo msitoke.

Watu huyacheka maghorofa ya Benidorm. Mimi siyacheki. Kilikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1956, meya akiwa Pedro Zaragoza, wakapitisha mpango wa mji, na baadaye wakajenga kwenda juu badala ya kutandaa pwani nzima. Faida yake ni kwamba duka, famasia, kituo cha basi na bahari vyote viko hatua chache kutoka kwenye lifti. Kwa mwenye magoti ya bibi yako, hiyo ndiyo anasa. Tafuta fleti upande wa Poniente, si Levante wala mtaa wa Rincón de Loix kwenye mabaa na kelele za usiku. Poniente ni ufuo wa zaidi ya kilomita 3, na njia ya kutembea kando yake ni pana na tambarare. Bibi atashangaa jambo moja: maji hayapwi. Mediterania hupanda na kushuka kidogo mno, hakuna bamvua wala maji mafu, kwa hiyo watoto wataoga saa yoyote. Watazame bendera tu: kijani ruhusa, manjano tahadhari, nyekundu marufuku. Na yavuyavu wapo.

Fleti naitaka kwa sababu ya jiko. Hotelini mtakuwa mnauliza kila sahani ina nini, na nguruwe kwao huingia hata kwenye biskuti. Ukiona “manteca de cerdo”, yaani mafuta ya nguruwe, kwenye pakiti, rudisha. Mkoa wa Alicante una Wamoroko wengi, nyama ya halali mtaipata. Samaki na wali ndio chakula cha pwani ile: agiza arroz a banda, wali uliopikwa kwa supu ya samaki, bibi aseme kama unaufikia wake. Watoto waonje horchata, kinywaji baridi cha viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago. Kule kwetu tunaing'oa na kuitupa.

Aqualandia, bustani ya michezo ya maji ya Benidorm, huendeshwa msimu wa joto, kwa hiyo usiwaahidi watoto slaidi kabla ya kuangalia kalenda yao.

Fleti nitalipa mimi, msibishane nami. Wewe na mumeo shikeni tiketi na basi la kutoka uwanja wa ndege wa Alicante. Viza ya bibi mwachie kaka yako aliye Mombasa ampeleke Nairobi, na leo hii mwambie apige picha ukurasa wa pasipoti ya bibi anitumie, nijue inaisha lini.

Baba yako