Mchaichai Huota Wenyewe, Kukausha Ndiyo Kazi

Kila ifikapo mwezi wa tatu napigiwa simu za aina moja. Mtu ana robo ekari upande wa Shinyalu au Khayega, amesikia chai ya mchaichai ina wanunuzi, na anataka kujua miche inapatikana wapi. Kabla ya kumjibu, mimi humuuliza: utaukaushia wapi? Hapo wengi hunyamaza.

Siwalaumu, nami nilinyamaza hivyo hivyo. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyasi hii inaipenda mvua. Msimu wangu wa kwanza wapita njia walikuwa wakisimama kwenye ua kunusa. Nikajiona mkulima. Sikujua kwamba mvua inayokuoteshea ndiyo itakayokuozeshea.

Tuanze na miche, maana hapo pia nililiwa pesa. Mchaichai wetu ni nadra kutoa maua, kwa hiyo haupandwi kwa mbegu. Unachimba kichaka kilichokomaa, unakigawa vikonyo, kila kikonyo na mizizi yake, unafupisha majani na kupanda mvua zinapoanza. Angalia tako la kikonyo: la mchaichai wa chai ni jeupe lenye ukijani. Ukiona wekundu au zambarau, huenda umepewa sitronela, binamu yake anayetolewa mafuta ya kufukuzia mbu. Mimi nilinunua vikonyo 300 bila kuangalia chini, na karibu nusu vikawa vya mbu. Chai yake ilikuwa kama kunywa sabuni.

Vitabu vingi vitakuambia uache sentimita 60 kati ya kichaka na kichaka. Kwetu huku mimi naacha 90. Jirani ataona unapoteza ardhi, lakini vichaka vikibanana umande haukauki hadi saa tano asubuhi, na ugonjwa wa kutu unaingia: michirizi ya kahawia upande wa chini wa jani, kisha jani zima linakufa. Ukiiona, kata majani yaliyougua uyatoe nje ya shamba, usiyatandaze chini kama matandazo. Sehemu tambarare panda juu ya matuta, kwa sababu maji yakituama mizizi inaoza. Wenzetu wa Maragoli wenye miteremko wana bahati: mistari ya mchaichai ikikingama mteremko hushika udongo usichukuliwe na maji, na bado unavuna. Palizi ni ya miezi ya mwanzo tu. (Wapo watakaokuambia nyoka wanaukimbia. Mimi nilimkuta mmoja amelala katikati ya kichaka, ametulia kabisa, kwa hiyo vaeni gambuti.)

Mavuno ya kwanza ni baada ya miezi sita hivi, na baadaye kila miezi mitatu. Kata kwa panga kali, uache sentimita 10 hadi 15 za shina ili lichipue. Sasa ndipo kazi inapoanza.

Mvua ya huku ina ratiba. Asubuhi jua, saa nane mawingu yanajikusanya, saa tisa radi. Usikate majani yenye umande. Ngoja hadi saa nne. Na usikate zaidi ya unachoweza kukatakata na kutandaza kabla ya saa nane. Mimi nilileta vibarua sita wakafyeka shamba lote kwa siku moja, tukarundika majani ndani ya nyumba kwa sababu ya mvua. Usiku ule nilitia mkono katikati ya lile rundo nikakuta pana joto kama uji. Siku ya tatu yalikuwa meusi.

Baada ya hapo nikajifanya mjanja, nikaanika kwenye dari ya jikoni, juu ya moto wa kuni, kama mama alivyokuwa akihifadhi mbegu za mahindi. Majani yalikauka vizuri sana. Mnunuzi wa Kisumu alirudisha kilo zote 14. Alisema anauza chai, hauzi samaki wa kubanikwa.

Kinachofanya kazi ni kibanda cha fremu za mbao kilichofunikwa nailoni ya wazi juu, na neti ya kivuli chini ya nailoni hiyo. Jua kali likipiga jani moja kwa moja linageuka rangi ya majani makavu, na harufu inaondoka. Harufu ile ya limau inatokana na kemikali iitwayo sitrali, ambayo imo pia katika ganda la limau lenyewe, na sitrali haipendi joto wala mwanga. Ndani weka rafu za wavu, si mabati wala turubai, hewa ipite chini na juu. Acha upenyo chini upande mmoja na mwingine juu upande wa pili, hewa ya moto ibebe unyevu nje. Nailoni iliyozibwa pande zote haikaushi, inapika. Tandaza unene wa vidole viwili, geuza mara mbili kwa siku.

Kujua kama yamekauka, usitegemee mkono pekee. Tumia jaribio la chumvi, lile la kupimia ukavu wa mahindi: chukua chupa kavu ya kioo, tia vijiko viwili vya chumvi kavu na majani yako, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, rudisha majani kwenye rafu. Mtu asikuambie ukungu kidogo hauna neno. Mwaka wa 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 125 walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Jani lililoshika ukungu ni la shimo la mbolea.

Kuna kosa moja ambalo hata waliozoea hulifanya. Wanapakia jioni baada ya kazi. Jani kavu hunywa unyevu wa hewa, na jioni ya Kakamega ina unyevu wa kutosha. Pakia saa saba au saa nane mchana, wakati jani linalia likivunjwa, lakini kwanza liache lipoe kivulini. Likifungwa likiwa na joto, litatoa jasho ndani ya mfuko. Kisha hifadhi gizani.

Na mwezi wa nne na wa tano? Mimi sikaushi kabisa. Mavuno yangu makubwa ya chai ni Desemba hadi Februari. Mvua za masika zikishika nauza vikonyo vibichi kwa hoteli za Kisumu, na vilivyobaki naviuza kama miche kwa hao wanaonipigia simu. Wengine hukamua mafuta kwa mvuke, lakini pigeni hesabu kwanza: kilo 100 za majani mabichi hutoa gramu 200 hadi 500 tu za mafuta, na kuni za huku si za bure.