Barua Pepe ya Februari Bado Sijaijibu

SWALI: Shikamoo mama. Nina nyumba ya wageni hapa Moshi, vyumba sita. Mwezi wa pili mteja kutoka Ujerumani aliniandikia barua pepe akiuliza bei ya vyumba vitatu, wanakuja kupanda Kilimanjaro Agosti. Nikasema nitamjibu jioni nimetulia, Kiingereza kinyooke. Sasa tuko Mei. Kila nikifungua simu naiona, naipita kama mdaiwa anavyolikwepa duka la Mangi. Nyuma yake zimejipanga nyingine 1,143, na juzi ankara ya fundi wa sola imenipita humo humo, amekuja mlangoni amenuna. WhatsApp najibu papo hapo. Ni uvivu huu, au nimerogwa?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako niliipata Jumatatu ya wiki iliyopita na ndiyo kwanza naijibu, kwa hiyo tusichekane.

Mvivu haamki saa kumi usiku kuwachemshia wageni chai waende mlimani. Wewe unaiogopa ile barua. WhatsApp unaongea, ukifungua barua pepe unarudi shuleni: anwani kona ya kulia, YAH kwa herufi kubwa, "husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwalimu amesimama nyuma yako na kalamu nyekundu. Nani atajibu kwa furaha hapo? Halafu kila siku inayopita unaona unadaiwa jibu refu zaidi na zuri zaidi, lifidie kuchelewa. Jibu la Februari lilikuwa la mistari mitatu. La Mei, kichwani mwako, limeshafika kurasa mbili.

Nilifanya kazi masijala miaka kumi na tisa. Barua ikiingia tuliigonga muhuri wa tarehe, tukaiandika kwenye rejista, tukaipa namba ya folio ndani ya faili lake, faili likapelekwa kwa mhusika. Ikishafunguliwa hairudi kwenye bahasha. Wewe ya Mjerumani umeifungua na kuifunga mara ngapi? Ishirini?

Tulikuwa na afisa mmoja, mtu safi, mwandishi hodari. Alipohamishwa tulikuta mafaili kwenye droo yake ya chini, na la juu kabisa lilikuwa ombi la mjane kuhusu mafao ya marehemu mumewe. Ndani yake rasimu tatu za jibu, kwa mwandiko wake. Ya kwanza ilitosha kabisa. Alikuwa amekata "tunasikitika", akaandika "tumesikitishwa", akalikata na hilo. Yule mama alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi letu kila Alhamisi.

Basi leo, kabla hujalala, mwandikie Mjerumani: samahani kwa kuchelewa, vyumba vitatu Agosti vipo, au havipo, bei ni hii pamoja na chai ya asubuhi, kama mmeshapata pengine, safari njema. Nukta. Habari za umeme, msiba na simu iliyodumbukia chooni hakuziuliza. Na Kiingereza kisikutishe, naye amekiazima kama wewe. Hizo bei ukishaziandika zihifadhi kama rasimu, kila atakayeuliza unamnakilia.

Zile 1,143 usizisome. Tafuta kwanza majina ya unaofanya nao biashara, fundi wa sola awe wa kwanza, umlipe. Kisha, kama unatumia Gmail, kaa kwenye kompyuta, andika in:inbox older_than:30d kwenye kisanduku cha kutafutia, weka alama ya kuchagua zote. Hapo wengi hukosea: alama ile kwa kawaida hushika 50 za ukurasa ule tu. Juu ya orodha hutokea mstari mdogo wa kuchagua zote zilizopatikana, bonyeza huo. Halafu zipeleke kwenye kumbukumbu, siyo kwenye pipa la taka. Za kumbukumbu hukaa, ukitafuta jina la mtu inatokea. Za pipani hufutika baada ya siku 30.

Kuanzia hapo fungua barua pepe mara mbili kwa siku, ukiwa umekaa, siyo jikoni simu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Saa nne asubuhi ni nzuri: wageni wameshaondoka, na Ujerumani majira haya iko nyuma yetu kwa saa moja tu, watu ndio wanaingia ofisini. Usiyoweza kuijibu palepale, andika "nimeipata, nitakupa jawabu Ijumaa", na hiyo Ijumaa iandike kwenye daftari la wageni, lile unalolifungua kila siku upende usipende.

Mjerumani akikuambia alishapata kwingine, mshukuru kwa mstari mmoja, ufunge faili.