Barua kwa mwanangu: picha iingie kwenye droo

Mwanangu,

Salaam nyingi. Barua yako imenifikia pamoja na ile picha ya ziwa uliyoipiga kwa simu. Unauliza kwa nini kila unapochora mandhari dhahania, yaani isiyonakili vitu kama vilivyo, kutokana na picha unaangukia upande mmoja kati ya miwili: ama nakala ya picha iliyofifia, ama madoa ambayo hata wewe mwenyewe huwezi kusema ni ya nini. Na unauliza kama uachane na picha kabisa.

Usiachane nazo. Shida ni mahali unapoiweka. Kwa maelezo yako, picha umeibandika ubavuni mwa kanvasi kuanzia mstari wa kwanza hadi sahihi. Ikiwa pale, kila mkono ukikwama jicho linaikimbilia, na picha haina msaada mwingine wa kukupa isipokuwa kuongeza kitu: jani jingine, jiwe jingine, kivuli cha hilo jiwe. Kazi ya picha inatakiwa iwe imekwisha kabla hujafungua tyubu ya kwanza. Kuanzia hapo inaingia kwenye droo.

Tena picha yenyewe si shahidi wa kuaminika kiasi hicho. Lenzi kuu ya simu ni pana: kilicho karibu inakikuza, kilicho mbali inakisogeza mbali zaidi. Ndiyo maana mlima wako, ambao bila shaka uliposimama pale ulikujaa machoni, umekuwa kichuguu, na matete ya mbele yamekula theluthi nzima. Pia jicho hujirekebisha kila linapohama kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye kivuli, lakini kamera hupima mara moja kwa eneo lote. Kwako chini ya miti pamekuwa peusi tii na anga limeungua likawa jeupe kama karatasi. Zile simu zinazounganisha picha kadhaa ili kuokoa anga nazo zina kosa lake: husawazisha mpaka kivuli na mwanga vinakaribia kulingana. Kwa hiyo ukubwa wa mlima na rangi ya kivuli ni vya kwako kuamua. Ukinakili unanakili makosa ya mashine.

Sasa geuza picha nyuma uandike sentensi moja: nini hasa kilikufanya uinue simu? Usiandike “ziwa zuri.” Andika kitu chenye umbo. Mimi nikiitazama naona ukanda mwembamba wa maji unaong'aa, umebanwa kati ya giza la mlima na giza la matete. Kama na wewe ndicho ulichokiona, basi mchoro wako ni huo ukanda na yale magiza mawili. Anga, ndege, mtumbwi na kijia vinaweza kupotea vyote bila mtu kuvidai. Mchoro dhahania unaokosa sentensi hiyo ndio unaozaa madoa uliyoyalalamikia. Mchoraji aliondoa vitu, lakini hakuamua kibaki nini.

Tazama Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, alivyouendea mti kati ya 1908 na 1912. Katika mti wake mwekundu wa mwanzo, shina na matawi bado ungeweza kuyapanda. Katika ule wa kijivu wa 1911 matawi yamekuwa matao yanayoikata nafasi vipande vipande. Kufika mtofaa unaochanua wa 1912, shina karibu limeyeyuka na matao ndiyo yaliyobaki. Alishika kitu kimoja, yaani namna matawi yanavyoigawa hewa, akaachilia vingine kidogo kidogo. Hakuruka kutoka mti halisi kwenda kwenye matao siku moja, nawe usijidai kuruka.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi huipita mbio, nayo ndiyo inayobeba kazi nzima. Chapa picha kwa rangi ya kijivu tupu. Kata kadi ngumu mbili zenye umbo la herufi L, zilaze juu ya picha ziwe fremu, kisha zisogeze: fremu ya mraba, ya kusimama, ya kulala. Kwenye ziwa lako ningekata matete mpaka yabaki kidole kimoja, na mlima ningeuacha utoke nje ya fremu kwa juu ili anga lisionekane kabisa. Ukipata ukataji unaokuvuta, chora vichoro vinane vya sentimita 5 kwa 7, kila kimoja kisizidi dakika mbili. Tumia penseli ya 6B au maka nene, kwa sababu ncha nene haiwezi kuchora jani hata ukitaka. Ruhusa ni vivuli vitatu tu, yaani viwango vya mwanga na giza: cheupe, cha kati na cheusi. Finya macho mpaka picha iwe na ukungu, na kila eneo ulilazimishe kuingia kundi mojawapo. Likikataa kuingia, wewe ndiye mwamuzi.

Vichoro vitatu vya kwanza vifanye ukiitazama picha. Vitano vilivyobaki, picha ikiwa imefunikwa. Hapo kumbukumbu inaanza kukufanyia kazi, maana yenyewe haibebi majani, inabeba uzito na mielekeo. Usishangae kichoro cha sita au cha saba kikakupendeza kuliko vyote.

Unapochagua, angalia mgawanyo. Kivuli kimoja kichukue zaidi ya nusu ya eneo, cha pili sehemu ya wastani, cha tatu kiwe kidogo hata ukihurumie. Mlima, maji na nchi kavu vikigawana sawa kwa sawa, utakuwa umechora bendera. Kipindue kichoro juu chini pia. Kikiendelea kusimama vizuri, umbo lake ni imara. Kikianguka, ulikuwa unasaidiwa na ujuzi wako kwamba “hili ni ziwa.” Kuanzia sasa bosi wako ni kichoro hiki. Nimetaja 5 kwa 7 kwa sababu kanvasi ya 50 kwa 70 ni mara kumi kamili. Uwiano ukitofautiana, maumbo yatavutika na ule mbano unaoupenda utalegea.

Kuhusu rangi, tyubu ulizoorodhesha ni nyingi mno. Majina ya tyubu hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo soma namba ya pigmenti, yaani ya unga unaoipa rangi rangi yake, iliyoandikwa ubavuni mwa tyubu: nyeupe PW6, buluu ya ultramarini PB29, hudhurungi ya siena PBr7, njano ya udongo PY43 (PY42 ni ya kiwandani, nayo inafaa), njano kali PY3, na nyekundu moja, kwa mfano PR108. Nyeusi iache dukani kwanza. PB29 na PBr7 zikichanganywa zinatoa giza zito, na unaweza kulielekeza kwenye ubaridi au ujoto kwa kuongeza mojawapo. PB15, ile buluu ya thalo, ikae mbali kwa miezi ya mwanzo. Ina nguvu kiasi kwamba tone dogo linameza lundo zima la nyeupe, nawe unaishia kuchanganya ndoo ya rangi ili kusahihisha tone moja.

Changanya malundo matatu kabla hujagusa kanvasi, moja kwa kila kivuli cha kichoro, kila lundo kama vijiko viwili vya mezani kwa kanvasi ya 50 kwa 70. Rangi ya akriliki, hii inayochanganywa na maji, hukauka ikiwa na giza zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa kuwa gundi yake ni nyeupe kama maziwa ikiwa na maji na huwa angavu ikikauka. Ukiishiwa katikati huwezi kuipata ileile kwa kukisia, kwa hiyo paka kidole kimoja cha kila lundo kwenye kadi, subiri kikauke, ndipo uamue. Na hapa una uhuru ambao sidhani umeutumia: maji yanaweza kuwa ya chungwa na mlima ukawa wa zambarau, na jicho litakubali, mradi kila rangi ikae kwenye kivuli chake. Vivuli ndivyo visivyochezewa. Ukiwahi kuona mchoro wenye rangi za ajabu ambao bado unapumua kama mahali halisi, siri yake mara nyingi iko hapo.

Kanvasi ipakwe jeso, ile rangi nyeupe ya kuitayarisha, mara mbili, ikauke, ipigwe msasa mwepesi. Kisha paka siena iliyopunguzwa maji uifute kwa kitambaa, ibaki rangi ya chai. Juu ya weupe mtupu kila rangi huonekana na giza kuliko ilivyo, nawe unaiongezea nyeupe pasipo sababu. Faida nyingine ni kwamba mianya utakayoiacha itakuwa na joto badala ya kuonekana kama umesahau kupaka. Maji yasizidi rangi, kwani gundi ikikonda sana tabaka hupoteza mshiko.

Simama. Shika brashi pana ya sentimita 5 mwishoni mwa mpini, uyapake maeneo matatu makubwa ndani ya nusu saa ya kwanza, bila kupamba chochote. Yaache yakauke kabisa.

Sasa tuje kwenye ukingo ule ambao maji yanakutana na matete, maana ndipo ulipochora shina moja moja mpaka ukachoka. Giza la matete likiwa limekauka, chukua kadi ya plastiki iliyokwisha muda, chota kwenye ukingo wake rangi ya lundo la ule ukanda wa maji, ilaze kwa mshazari na uivute kwa mlalo, mvuto mmoja. Mwanzoni rangi inashika nzito. Kuelekea mwisho inaanza kukatikakatika, na giza la chini linachungulia katika mianya kwa vijistari visivyolingana. Mtu akisimama hatua tatu nyuma anaona matete, ilhali hukuchora hata moja. Sasa kadi iweke chini! Mvuto wa pili juu ya huo unaua kila kitu, kwa sababu tabaka jembamba la akriliki huanza kufanya ngozi ndani ya dakika chache, na kadi ikipita tena inaikwangua na kuacha makovu. Kama hukuupenda, ufute mara moja kwa kitambaa chenye maji, au usubiri ukauke upake giza upya. Katikati ya hayo mawili usiguse.

Kingo zote zisiwe kali. Chagua moja tu iwe kama imekatwa kwa wembe, na kwako ni ule upande wa juu wa ukanda unaogusa mlima. Nyingine ziloweshe, zipotee, ziingiliane. Zikiwa kali zote, jicho halijui litue wapi, na mchoro unakuwa kama karatasi zilizokatwa zikabandikwa.

Tope uliloniandikia, yaani rangi kuchafuka zikawa kama matope, lina sababu mbili. Unachanganya rangi nne au tano mahali pamoja, na unapaka rangi zinazopingana, kama chungwa juu ya buluu, ya chini ikiwa bado mbichi. Rangi mbili na nyeupe zinatosha kwa mchanganyiko wowote. Tope likishatokea usilichanganye zaidi ukitumaini litajirekebisha. Likwangue kwa kisu, osha brashi, badilisha maji, nenda kapike chai.

Ukihisi mchoro umeharibika na hujui wapi, upige picha kwa simu, iondoe rangi, kisha uipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu na uiweke kando ya kichoro. Ukiona kijivu kimoja kila mahali, ugonjwa uko kwenye vivuli, na hakuna rangi itakayoutibu. Picha hiyo na kichoro vikifanana, basi muundo uko salama na kilichobaki ni uso wa rangi. Na ukiona mchoro unazidi kurudi kuwa ziwa, laumu mstari wa upeo: mlalo mmoja mrefu usiokatika unatosha kumwambia mtazamaji “hii ni mandhari.” Ukate mahali pawili, au fanya kazi saa nzima kanvasi ikiwa imepinduliwa.

Rangi za mafuta tutazizungumza ukifika huko. Kwa sasa jua tu kwamba tabaka za chini huwa konda na za juu ndizo zenye mafuta zaidi, vinginevyo zitapasuka, na kwamba akriliki haipakwi juu ya mafuta. Zile picha za intaneti ulizohifadhi ziache. Zina wenyewe, na kuzibadilisha rangi hakuzifanyi kuwa zako. Isitoshe, hukusimama pale, hivyo hiyo sentensi ya nyuma ya picha utaitoa wapi?

Anza na kanvasi tatu ndogo za sentimita 20 kwa 28 kutokana na kichoro hichohicho, uwiano wake ni uleule, kila moja na rangi zake. Zikikauka nitumie zote tatu, hata ile utakayotaka kuitupa. Picha ya ziwa usiiambatanishe.

Mama yako