Je, Mungu amenyamaza kwa sababu sijapanda mbegu ya kutosha?

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 11 ya ndoa, hatujapata mtoto. Mtumishi mmoja aliniambia mbingu zimefungwa juu yangu kwa sababu sadaka zangu ni ndogo, nipande mbegu. Nikakopa laki tatu kwenye kikoba, nikapanda. Mwaka umepita, sasa anataka nipande kubwa kuliko ile. Mume wangu hajui kitu. Sandukuni nina kisweta cha mtoto nilichofuma mwaka ule tulipooana. Je, Mungu bado ni mwaminifu, au nimemkosea?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usipande tena hata shilingi.

Wanaodai mbegu hukimbilia Wagalatia 6:7, kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Ni kweli mstari wa 6 unahusu kumshirikisha mema anayetufundisha Neno, na mimi mwenyewe nimekula kwa sadaka za waumini. Lakini kumtunza mwalimu si kununua uzazi. Mstari wa 8 unataja kupanda kwa Roho, wa 9 unataja kutenda mema bila kuchoka. Bei haipo. Aliyemletea Petro fedha ili apate karama ya Mungu alijibiwa, “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe” (Matendo 8:20). Petro hakumwambia kiasi ni kidogo, aongeze. Mtu anayechukua fedha ya mkopo kutoka kwa mwanamke anayelia, kisha akarudi kudai zaidi, anamsingizia Mungu, na siku moja atamjibu.

Umeuliza kama umemkosea Mungu. Fungua Luka 1. Mstari wa 6 unasema Zakaria na Elisabeti wote wawili walikuwa wenye haki, bila lawama. Mstari wa 7 unasema hawakuwa na mtoto. Luka ameziweka habari hizo mbili bega kwa bega kusudi, ili mtu asije akawatazama wazee wale akaanza kuwatafutia dhambi. Wewe umetafutiwa miaka 11, na mawifi, na majirani, sasa na madhabahu. Pole sana, mwanangu.

Watu hupenda kukutia moyo kwa habari za Ibrahimu: aliitwa akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa akiwa na 100. Mimi huwa nasita kidogo hapo. Baada ya miaka 10 Kanaani yeye na mkewe Sara pia walichoka kungoja wakatafuta njia ya mkato kwa kumtumia mjakazi wao Hajiri awazalie, na Hajiri ndiye aliyeumizwa. Tena ahadi ya Isaka alipewa Ibrahimu kwa jina lake. Sina andiko linalosema wewe utazaa, na anayekutajia mwezi na mwaka hana pia. Ninayo Waebrania 11:13: “Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi.” Najua ni neno zito kumwambia mtu aliye kwenye hali yako. Lakini uaminifu wa Mungu ukiupima kwa mtoto tu, utakuwa unasema aliwatupa hao wote, na Maandiko yanakataa.

Basi omba, tena omba kwa uchungu wako wote. Zaburi 13 inaanza na “hata lini”, na haikufutwa kwenye Biblia. Yule mwanamke Hana, naye hakuwa na mtoto, alilia akaomba moyoni, midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani akamdhani amelewa. Ninachokipenda kwake ni 1 Samweli 1:18: aliondoka pale akala chakula, uso wake haukukunjamana tena. Alikula kabla ya mimba.

Leo jioni mweleze mumeo habari za mkopo. Atakasirika, mwache akasirike. Siri hiyo itakuumiza kuliko hasira yake. Kisha nendeni hospitali wote wawili. Madaktari hushauri uchunguzi baada ya miezi 12 ya kujaribu, nanyi mmekaa miaka 11. Yeye naye apimwe, maana mara nyingi tatizo liko kwa mwanamume na anayesemwa ni mke. Kupima si kukosa imani. Mkiambiwa lolote, njooni nyumbani, mama mchungaji na mimi tutakaa nanyi, na tutatazama pia namna ya kulimaliza deni la kikoba.

Na kile kisweta, usikitupe wala usikifiche. Mwonyeshe mumeo.